Cherehani ya bibi imekwama: isafishwe, isipakwe rangi

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu bibi ameniachia cherehani ya miguu, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu. Imekaa stoo hapa Tanga tangu macho yake yalipomkataza kushona. Gurudumu halizunguki hata kidogo. Namba yake inaanza na herufi Y. Fundi wa mtaani anasema injini imekufa, ila anaweza kuipiga rangi ya spreya ionekane mpya kisha aifunge mota. Mjomba naye kaleta watu wawili wanaotaka kuinunua kwa mamilioni kwa madai kwamba ina zebaki nyekundu, lakini wanataka kwanza nitoe ada ya kuipima. Mimi nataka kuishonea tu. Nifanyeje? — Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu bibi. Umeuliza mambo manne kwa pamoja. Nitayajibu yote, ila kwa mpangilio wangu.

Nianze na wageni wa mjomba, maana ndio wenye haraka. Wape maji ya kunywa, kisha waage. Ndani ya Singer hamna zebaki, nyekundu wala ya rangi nyingine yoyote. Kichwa chake, yaani ile mashine ya juu ya meza, ni chuma cha kumimina, vyuma vya ndani ni vya kawaida vilivyochongwa vizuri, na kinachong'aa kwa nje kimechovywa tu. Uvumi huu si wa mjomba wako wala si wa Tanga. Mwezi wa Aprili 2009 ulivuma Saudi Arabia nzima: watu waliambiwa Singer kuukuu zina zebaki nyekundu, na kwamba ukisogeza simu ya mkononi karibu na sindano, laini ikikatika basi zebaki imo. Bei za vyuma vya kawaida kabisa zilipanda hadi makumi ya maelfu ya riali, na polisi wakaingia kuchunguza chanzo chake. Hiyo zebaki nyekundu yenyewe, kwa sifa wanazoipa, haijawahi kuonekana katika maabara yoyote. Na hata kama hujui lolote kuhusu madini, hili unalijua: mnunuzi hutoa pesa, hatozi ada.

Sasa cherehani yenyewe. Herufi Y inatuambia kwamba kichwa hicho kilitoka kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, kati ya 1921 na 1935. Kiwanda hicho kilifunguliwa 1885 na kufungwa 1980, na stesheni ya treni iliyo jirani bado inaitwa Singer. Kwa hiyo ni mzee, lakini si adimu. Kampuni ilitengeneza cherehani kwa mamilioni, na nyingi zilikuja pwani hii zikapangwa kwenye baraza za maduka, fundi akikanyaga na mteja akisubiri kanga yake ipindwe. Thamani yake kwako ni kwamba inaweza kurudi kazini, na vipuri vya nyingi katika hizi bado vinauzwa.

Hukusema ni modeli gani. Vuta pembeni kile kibamba kinachoteleza, kushoto kwa sindano, utazame chini. Ukiona bobini ya duara, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, imesimama ndani ya kasha lake na mdomo wa kasha unatazama kushoto, hiyo ni jamii ya 15, na kwa cherehani za Kilbowie utasikia ikiitwa 15K. Ukiona kitu kirefu chenye umbo la risasi kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni jamii ya 27, 28, 127 au 128. Nitajibu nikidhani ni 15K, kwa sababu ndiyo iliyozagaa kwetu na ndiyo iliyoigwa na Butterfly ya Shanghai na viwanda vingi vya Japani baada ya vita. Usafishaji ni uleule kwa zote. Tofauti iko kwenye bobini na namna ya kutunga uzi.

Fundi wako kasema injini imekufa. Cherehani ya miguu haina injini, mwanangu. Injini ni miguu yako. Kilichotokea humo ndani karibu kila mara ni kimoja: mafuta yamekauka. Na ukiuliza ni mafuta gani, utakuta mara nyingi hayakuwa ya cherehani. Watu walitia kilichokuwa jikoni. Mafuta ya alizeti na ya pamba yakikaa hewani hugeuka utando mgumu wa rangi ya asali, sawa na vanishi. Ya nazi hayakauki hivyo, lakini huganda asubuhi za baridi, hushika vumbi na nyuzinyuzi, na mwisho huwa tope. Oili chafu ya gari nayo inabeba masizi na unga wa chuma. Tope hilo likikaa miaka kwenye mianya ambayo fundi wa Kilbowie aliichonga ikabana kwa unywele, gurudumu haligeuki hata ulining'inie. Chuma hakijafa. Kimegandana tu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: usilazimishe. Usipige nyundo, usishike gurudumu kwa koleo, usimwite kijana mwenye nguvu. Chuma cha kumimina hakipindi, kinavunjika, na gurudumu likivunjika, jingine ni kazi kulipata.

Kabla ya kutia tone lolote, vua mkanda wa ngozi unaounganisha kichwa na gurudumu kubwa la chini. Sasa jaribu pande mbili kila mmoja peke yake. Kanyaga pedeli: inacheza? Shika gurudumu la juu: linacheza? Nimeona cherehani nyingi zikitangazwa mbovu kumbe kichwa kizima kabisa, kilichokwama ni pedeli ya chini iliyoshika kutu au iliyojizungushia nyuzi na nywele kwenye ekseli. Kama kichwa ndicho kimekwama, chungulia kwanza sehemu mbili: nyuma ya gurudumu la mkono, na kwenye ndoano ya chini inayobeba kasha la bobini. Uzi uliozongwa hapo unatosha kuzuia kila kitu. Ukate kwa wembe na uutoe kwa kibano, taratibu.

Kama hakuna uzi, basi ni mafuta yaliyoganda, na hapo inaanza kazi ya subira. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, nusu kwa nusu, kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba au bomba la sindano la duka la dawa. Usitumie petroli, inawaka upesi mno, na ikishayeyusha tope inaacha chuma kikavu. Hata kwa mafuta ya taa fanya kazi uani, mbali na jiko. Tia tone moja au mawili kila mahali chuma kinapogusana na chuma kingine na kutembea. Usipajaze. Utaona matundu madogo juu ya kichwa na mgongoni, hayo yalitobolewa kwa kazi hiyo. Kushoto kuna bamba la uso lenye skrubu ya kidole. Lifungue uone fimbo ya sindano na fimbo ya mguu unaokandamiza kitambaa, utie juu na chini ya kila fimbo. Nyuma ya nguzo, ile sehemu iliyosimama upande wa kulia wa kichwa, kuna kifuniko cha duara. Kisogeze, utie humo. Halafu laza kichwa kinyumenyume kwenye bawaba zake uone tumbo: kuna mihimili mirefu, na kila ncha inahitaji tone. Kwenye ncha hizo utakuta skrubu zenye nati. Usiziguse. Hizo ndizo zinazoshika mhimili katikati, na ukizikaza unaleta ugonjwa ambao haukuwepo.

Baada ya hapo iache usiku kucha. Kesho yake, Tanga inakusaidia: toa kichwa juani saa moja au mbili. Chuma cheusi hunyonya joto, tope hulegea, mafuta hushuka ndani zaidi. Asiye na jua hutumia draya ya nywele. Kikiwa bado na moto, shika gurudumu kwa mikono miwili na ulitikise mbele na nyuma kidogo tu, kama unayebembeleza. Likikataa, tia tena, acha tena. Linaweza kuchukua siku mbili, linaweza kuchukua wiki. Siku litakaposogea kwa upana wa kidole, umeshinda. Yaliyobaki ni kuongeza mafuta na kulisogeza mpaka limalize mzunguko. Utaona jasho jeusi likitoka kwenye mianya. Lifute, tia mafuta safi ya cherehani, zungusha, futa tena. Endelea mpaka yatoke meupe kama yalivyoingia. Hapo ndipo mafuta ya taa yanakuwa yametoka yote, na ni muhimu yatoke, kwa sababu yanasafisha ila hayalainishi. Dawa za kupuliza kama WD-40 nazo ni hivyohivyo: zinafungua kilichokwama, hazikai. Ukiishia hapo, baada ya muda mfupi utarudi ulipoanzia.

Ukifungua chochote, piga picha kwa simu kabla, wakati na baada. Bisibisi iwe na mdomo wa upana uleule wa mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba ndiyo inayokula vichwa vya skrubu. Na usipoteze hata moja, kwa maana Singer walikata hesi zao wenyewe na skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi haitaingia. Ikiingia kwa nguvu, imeharibu tundu.

Sehemu mbili nataka uzifungue hata kama cherehani imeshaanza kuzunguka. Ya kwanza ni kile kitasa cha katikati ya gurudumu la mkono, kinacholegezwa ili gurudumu lizunguke bila sindano kushuka wakati wa kujaza bobini. Kina kiskrubu kidogo. Kilegeze, zungusha kitasa mpaka kitoke. Nyuma yake kuna washa yenye masikio matatu kwa nje na meno mawili yaliyokunjwa kwa ndani. Itoe, vuta gurudumu, safisha mhimili, tia mafuta, rudisha. Meno yaliyokunjwa yatazame nje, upande wako. Ukimaliza na kitasa hakikazi au hakilegei, usidhani umevunja kitu: toa washa, igeuze nusu duara, jaribu tena. Washa hii imewapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu.

Ya pili ni ndoano. Inua sindano hadi juu kabisa, toa kasha la bobini, fungua pete inayoshika ndoano, itoe ndoano mkononi. Chimba takataka zote kwa mswaki mkavu. Kisha ondoa bamba la sindano uone meno yanayosukuma kitambaa: katikati yake mara nyingi kuna nyuzinyuzi zilizoshindiliwa mpaka zimekuwa ngumu, na ndizo zinazofanya meno yasipande juu na kitambaa kisitembee. Zitoe kwa sindano ya zamani. Ncha ya ndoano ipitishe kwenye ukucha. Ikikwaruza, ina kutu au kichomo, na ndiyo itakayokukatia uzi. Isugue kwa msasa laini kabisa, kidogo sana, kufuata ilivyo ncha. Ukiiondoa makali yake, hiyo ndoano haifai tena.

Kutu ya kawaida kwenye vyuma vinavyong'aa huondoka kwa msasa laini uliolowa mafuta. Vipande vidogo vilivyotoka kabisa unaweza kuvilaza kwenye siki saa chache, uvioshe, uvikaushe papo hapo na kuvipaka mafuta. Siki isiguse kitu chochote chenye rangi nyeusi.

Na hapa tunafika kwenye spreya. Fundi wako hana nia mbaya, anataka ufurahi ukiiona. Lakini mkatalie. Ule weusi si rangi ya kopo. Ni enameli nzito iliyookwa kiwandani, na miaka yote hii haijamenyeka mpaka chuma. Juu yake yalibandikwa yale maua na maandishi ya dhahabu, membamba kuliko karatasi, kisha yakafunikwa kwa vanishi ya sheraki ili yasichubuke. Ukipiga spreya juu yake, kwanza lazima ukwangue, na ukishakwangua hayo maua hayarudi. Pili, spreya inaingia kwenye matundu ya mafuta na kwenye fimbo ya sindano, na cherehani iliyokuwa imekwama kwa mafuta sasa itakwama kwa rangi. Tatu, rangi ya kopo juu ya chuma kilichokunywa mafuta kwa karibu miaka mia haishiki. Itaanza kubabuka pale pale kitambaa kinapopita, na itachafua gauni la mteja. Hata wanaokusanya cherehani za zamani kule Ulaya na Marekani hulipia zaidi kichwa chenye maua yake kuliko kilichopakwa upya. Mimi sijawahi kuona kichwa cha Singer kilichoboreka kwa spreya. Nimeona vilivyofichwa.

Namna ya kukisafisha ni hii. Chukua pamba au kipande cha fulana kuukuu, kiloweshe kwa mafuta yaleyale ya cherehani, jaribu kwanza sehemu iliyojificha nyuma ya nguzo. Kama hakuna dhahabu wala weusi unaotoka kwenye pamba, endelea kwa miduara midogo bila kukandamiza, ukibadilisha pamba kila inapochafuka. Ule ukungu wa kahawia unaofunika maua utaondoka kidogo kidogo na dhahabu itaonekana. Usitumie spiriti: sheraki inayeyuka kwenye spiriti, na maua yataondoka nayo mbele ya macho yako. Usitumie Jik, sabuni ya unga wala waya wa kusugulia sufuria. Mwisho futa kwa kitambaa kikavu. Kama kuna sehemu kwenye kitako ambapo dhahabu imelika kabisa kwa kupitiwa na mikono ya bibi, iache ilivyo.

Stendi ya chini ni hadithi nyingine. Ile ni chuma cha nakshi tu, haina maua ya kupoteza. Isugue kwa brashi ya waya, ipake rangi nyeusi ya chuma ukitaka, na huyo fundi wa spreya mpe kazi hiyo aridhike. Hakikisha tu ekseli ya pedeli, ile fimbo inayopanda kutoka kwenye pedeli kwenda kwenye gurudumu kubwa, na kitovu cha gurudumu vimezibwa kwa gazeti wakati wa kupaka, na vimetiwa mafuta baada yake. Pedeli inayolia ni pedeli kavu. Inayogonga ina skrubu iliyolegea kwenye ncha ya ile fimbo.

Meza ikiwa imebabuka juu, ibandike kwa gundi ya mbao na kuikandamiza kwa mawe usiku mmoja. Kama mchwa ameingia, hiyo ni kazi ya seremala, usianze kichwa kabla hajamaliza.

Mkanda wa zamani usihangaike nao, nunua mpya wa ngozi, wa duara, wenye unene wa milimita 5 hivi. Upitishe kwenye magurudumu yote mawili, vuta ukunjuke, kata ukiacha ziada kidogo, toboa ncha na uzifunge kwa kile kipini cha waya kinachouzwa nao. Mkanda mpya utarefuka baada ya siku chache za kushona; ukianza kuteleza, fungua na ukate sentimita moja, si zaidi. Usiubane sana. Mkanda unaobana unafanya pedeli iwe nzito, na mwenye cherehani anakuja kulalamika kwamba mafuta hayakusaidia.

Sasa jifunze kukanyaga kabla ya kushona. Inua mguu wa cherehani ili meno yasisuguane nao bila kitambaa, usiweke uzi, halafu anzisha gurudumu la juu kwa mkono kuelekea kwako na umalizie kwa miguu. Daima kuelekea kwako. Likirudi nyuma likiwa na uzi, uzi utazongwa chini na utarudi kwenye ile kazi ya wembe na kibano.

Kabla ya kugusa nati yoyote ya kukaza uzi, badilisha sindano. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu sindano ndiyo rahisi kuliko kila kitu na ndiyo ya mwisho kukumbukwa. Dukani sema unataka sindano ya cherehani ya nyumbani yenye kichwa bapa upande mmoja. Kwenye pakiti itakuwa imeandikwa HAx1, 15x1 au 130/705H. Usikubali DBx1. Hizo zina kichwa cha duara, ni za mashine za viwandani, na kwa kuwa huuzwa kwenye kaunta moja, muuzaji mwenye haraka anakupa zozote. Kwa kanga na pamba nyepesi chukua namba 12, kwa kitenge namba 14, kwa jinzi 16. Kwenye 15K upande bapa unatazama kushoto, na uzi unaingia tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyezoea cherehani za kisasa hutunga kutoka mbele kwenda nyuma, akifika kwenye hii anakosea upande, haishiki mshono hata mmoja, anasema mashine mbovu. Ukiwa na shaka kwa modeli yoyote, tazama sindano yenyewe: uzi huingilia upande wenye mfereji mrefu na kutokea upande bapa. Isukume sindano mpaka igote juu kabla ya kukaza.

Wakati wa kutunga uzi mguu uwe juu, kwa sababu hapo ndipo zile sahani mbili zinazobana uzi huachana na kuuruhusu uingie katikati. Wakati wa kupima mkazo mguu uwe chini. Wengi hufanya kinyume. Pitisha pia ukanda mwembamba wa kitambaa safi katikati ya sahani hizo, huku na huku. Utatoka na uchafu wa miaka.

Anza na mkazo wa chini. Weka bobini kwenye kasha, shika ncha ya uzi, acha kasha lining'inie. Lisishuke lenyewe. Ukilitikisa kidogo, lishuke sentimita chache na kusimama. Likianguka moja kwa moja, kaza kile kiskrubu kidogo cha kasha kwa robo mzunguko. Likigoma kabisa, kilegeze kwa robo. Ukishapata hapo, usirudi tena kwenye kasha. Kila marekebisho mengine yafanye juu. Uzi wa chini ukionekana umevutwa juu ya kitambaa, wa juu umekaza mno, ulegeze. Na lile rundo la nyuzi linalojikusanya chini ya kitambaa, ambalo kila mtu analilaumu kasha la bobini, linatoka juu: uzi haukuingia kwenye sahani, au haukupita kwenye mkono unaopanda na kushuka. Toa uzi wote wa juu, tunga upya toka mwanzo.

Kama kasha la bobini limeliwa na kutu, usinunue kwa jina tu. Nenda na la zamani mkononi, iwe Tanga mjini au Kariakoo, ulinganishe kile kidole kinachotokeza juu ya kasha. Kinaweza kuelekea upande mwingine kidogo, na kasha lenye kidole kisicholingana halitakaa sawa hata kama bobini zinafanana.

Ukifanya yote haya na bado inaruka mishono, ndipo tunashuku fimbo ya sindano, kwamba kuna aliyewahi kuilegeza ikashuka au kupanda. Kwenye jamii ya 15 tazama fimbo hiyo, utaona alama mbili zilizochorwa. Sindano ikiwa chini kabisa, alama ya juu inapaswa kulingana na mdomo wa chini wa bomba ambamo fimbo inapita. Zungusha mpaka sindano ianze kupanda na alama ya pili ifike hapo hapo; wakati huo ncha ya ndoano inapaswa kuwa nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu. Kama hailingani, legeza skrubu inayobana fimbo, ndani ya bamba la uso, sogeza fimbo, kaza. Ni kazi ya dakika chache, ila usiifanye kama hakuna dalili inayokudai.

Mota usifunge. Kichwa cha miaka hiyo huenda hata hakina tundu la kushikia mota, na nisingependa kuona mtu akikitoboa. Isitoshe, kwa pedeli unaweza kushona tundu moja moja, na umeme ukikatika unaendelea.

Ikishafanya kazi, tone moja kila sehemu kwa kila siku ndefu ya kushona, na baada ya kutia mafuta shona kwanza kwenye kitambara mpaka kisitoe doa. Ukiipumzisha, ifunike kwa kanga kuukuu, si kwa nailoni. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Nailoni inaufungia ndani, na kutu itaanza kwenye fimbo ya sindano kabla hujaiona.

Ukikwama mahali, niandikie tena ukinitumia picha tatu: namba nzima iliyo kwenye kitako upande wa kulia, tumbo la kichwa likiwa limelazwa, na kipande cha mshono juu na chini chenye uzi wa rangi mbili tofauti, mmoja wa juu na mwingine wa bobini. Kwa picha hiyo ya tatu nitajua pa kukuelekeza bila kuiona cherehani.